Waungwana wa Tana

Mto Tana ukishaipita Garissa hauna tena sababu ya kukimbia. Kutoka hapo hadi Kipini, unakomwagika baharini, nchi imelala tambarare, na mtu aliyesimama ukingoni hawezi kuapa kwamba maji yanatembea mpaka aone gogo likipita. Vitabu vya jiografia vya Kiingereza vina neno la mteremko wa namna hiyo: gentle. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Garsen, na neno hilo dogo lilinihangaisha kuliko misamiati mirefu ambayo wanafunzi waliikariri kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wa jiografia alilitumia asubuhi kuelezea ardhi. Mimi nililikuta mchana katika fasihi, limepachikwa kwa mfalme, kwa farasi, kwa upepo, kwa mkono wa mama, na mara nyingine kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kupigana.

Watoto waliokaa mbele yangu walitoka pande zote za delta. Walikuwamo Wapokomo wa Ngao, Wema na Hewani, Waorma na Wawardei waliokulia kwenye ng'ombe, Wagiriama, watoto wa wavuvi Wajaluo, na wale wa wafanyabiashara wa mjini ambao wakiulizwa kabila walijibu kwa kutaja mtaa. Nilipowaomba neno la Kiswahili la kusimama mahali pa lile la Kiingereza, ubao ulijaa: mpole, laini, taratibu, mnyenyekevu, muungwana. Yote yalifaa na hakuna lililotosha. Basi nikauliza jambo jepesi zaidi: ni nini hapa kwetu kinachostahili sifa hiyo?

Mvulana mmoja wa Kiorma alisema ng'ombe. Si kila ng'ombe, akafafanua. Ni yule unayeweza kumkama bila kumfunga miguu. Ng'ombe mgonjwa naye hapigi teke, lakini hakuna mfugaji anayemwita mpole, wanamwita mgonjwa. Darasa lilicheka. Msichana kutoka mashamba ya ukingoni akasema mto, halafu akasita, akasema hapana, mwalimu, si mto. Sikumbana aeleze. Aliyekaa delta hata msimu mmoja anajua kilichomsitisha.

Mvua inayoizamisha Garsen hainyeshi Garsen. Inanyesha kwenye Mlima Kenya na safu za Aberdare, mamia ya kilomita juu, na maji yake huchukua siku kadhaa kufika. Yanapofika, jua linawaka, anga ni nyeupe, na mbuzi wanatafuta kivuli. Hakuna ngurumo. Maji hupanda ukingo kimyakimya, yakaingia katikati ya migomba, yakajaza nyayo za ng'ombe, na mwenye shamba anagundua mgeni kaingia kwa kuona sisimizi wanahamia juu ya miti. Kwa kuwa mteremko ni mdogo, maji hayo hayana pa kwenda haraka. Yanakaa wiki, pengine miezi. Na kwa kuwa yanatembea pole, yanatua matope yake kandokando ya njia yake, mwaka baada ya mwaka, hadi kingo za mto zikawa juu kuliko bonde lenyewe. Ndiyo maana vijiji vya Wapokomo vimejipanga kwenye kingo kama shanga kwenye uzi, na nyuma yao, chini, ndiko walikolima mpunga maji yanapopungua. Mto uliobebwa juu ya nchi yake mwenyewe hauhitaji sababu kubwa ili uihame njia. Kuna watu wazima delta ambao kijiji chao kilikuwa mtoni walipozaliwa, na leo wanatembea kwenda kuchota.

Mabwawa ya juu yalibadilisha hesabu hiyo. Kindaruma ilikamilika 1968, zikafuata Kamburu na Gitaru, kisha Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Taa za Nairobi zikawaka, na delta ikapoteza sehemu ya mafuriko yake madogo, yale yaliyorutubisha mashamba na kuotesha nyasi za kiangazi. Makubwa hayakuzuilika. El Nino ya 1997 na 1998 ilivunja kingo na kuusomba mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ambao serikali ilikuwa imeujenga kwa gharama kubwa. Msichana yule wa mashamba ya ukingoni alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mteremko ule ule ulioitwa gentle kitabuni ndio unaoleta rutuba, na ndio unaoyakawiza maji sebuleni mwa watu. Hauna huruma wala ukali. Kiingereza kinapoipa ardhi tabia ya mtu, msomaji wa Garsen anapaswa kukisoma akiwa amekunja suruali.

Kwa watu, neno hili lina historia ya ajabu zaidi. Halikuanza na ulaini hata kidogo. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake kuna Kilatini, ambako mzizi wake ni ukoo. Mtu wa sifa hiyo alikuwa mtu aliyezaliwa mahali panapotambulika, mwenye babu anayetajika. Shujaa mwenye upanga aliweza kuitwa hivyo akiwa ametapakaa damu, mradi damu ya kwao ilikuwa njema. Baadaye likaja wazo kwamba aliyezaliwa vizuri hutenda vizuri, na neno likahama kutoka ukoo hadi mwenendo. Kisha kutoka mwenendo hadi sauti, mkono, upepo, na hatimaye mteremko wa Tana. Ukoo ukabaki chini, kama mizizi ya mkoko, hauonekani maji yakijaa.

Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliiona hitilafu hiyo mapema. Katika hadithi anayomtilia kinywani mwanamke wa Bath, askari farasi kijana analazimika kumuoa kikongwe maskini, naye analalamika kitandani kwamba mkewe ni wa ukoo duni. Kikongwe hakasiriki. Anamfundisha somo refu: ubora wa mtu haurithiwi kama shamba, kwa sababu ungekuwa wa kurithiwa, watoto wa mabwana wasingekuwa waovu. Mungu ndiye anayeutoa, na matendo ndiyo yanayouonyesha. Wanafunzi wangu hawakuwa na Chaucer katika mtaala, lakini niliwasimulia hadithi hiyo mwisho wa kipindi cha Ijumaa, na nadhani ndiyo waliyoikumbuka zaidi kwa kuwa ilikuwa na kitanda ndani.

Shakespeare alilitumia neno hilo mpaka likachakaa: kwa rafiki, kwa mpenzi, kwa kundi la watu anaotaka wamsikilize. Mshairi mwenzake Ben Jonson, baada ya Shakespeare kufa, alimpa yeye mwenyewe sifa hiyohiyo. Lakini penye hila ni katika tamthilia yake ya Venisi, kwenye kesi ya Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi. Kwa sikio la Mwingereza wa wakati ule, neno la upole na neno la mtu asiye Myahudi yalikaribiana mno, na Mtawala wa Venisi anapomtaka Myahudi atoe jibu la upole, kuna sauti ya pili chini yake inayosema: jibu la mtu wa kwetu. Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969, mchezo huo wa sauti haukuwa na njia ya kuvuka. Kiswahili hakimlaumu, upole wetu haufanani kwa sauti na dini ya mtu yeyote.

Tusijipongeze mapema, hata hivyo. Kiswahili kina neno lililopita njia ileile hatua kwa hatua, na limepita hapahapa. Muungwana, kabla hajawa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa hali ya kisheria na ya nasaba: una wazazi wanaojulikana, una nyumba, unaweza kutoa ushahidi, huuziki. Adabu ilifuata kwa kuwa wenye hadhi walijiamini kwamba ndio wenye adabu. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, alimfunza ulimi mzuri, uso mkunjufu, heshima kwa watu. Ni shairi la upole kutoka mwanzo hadi mwisho. Na ndani yake kuna mahali anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Nimefundisha shairi hilo mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza hapo. Sauti haibadiliki, mama bado anaongea na mwanawe kwa mapenzi. Ni ukuta tu umeonekana.

Karibu na Kipini, mtu akishuka kutoka Garsen kupitia Gamba na Witu, kuna magofu ya mji wa kale uitwao Ungwana, ambao James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950. Ghuba yote ya mlangoni mwa Tana inaitwa Ghuba ya Ungwana. Sitaki kujenga hoja juu ya asili ya jina, maana majina ya miji hudanganya. Ninachosema ni kwamba mtu akisimama pale na kusoma jina kwenye ramani, halafu akarudi na kupita Witu, hawezi kukwepa mawazo fulani. Witu ilikuwa makao ya Ahmad, aliyeitwa Simba, sultani wa ukoo wa Nabahani aliyefukuzwa kutoka visiwani. Mji wake ulinenepa kwa watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani na kujenga msituni. Machoni pa mabwana waliowapoteza, watoro walikuwa kinyume cha uungwana. Lakini huko ndiko walikolima, wakaoa, wakazika, wakawa na majirani. Sheria ya ukoloni iliiondoa hali ya utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hapo neno likapoteza mpaka wake wa sheria, likabaki na adabu peke yake. Au ndivyo tunavyopenda kuamini.

Kisa ambacho delta inakimiliki kuliko mahali pengine pote ni cha Fumo Liyongo. Wanafunzi walikuwa wakisoma Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyochimbuliwa kutoka kisa hicho, na wengi waliisoma kama habari za mbali. Niliwaambia kaburi linalosemekana kuwa lake linaonyeshwa upande wa Ozi na Kipini, mahali ambapo wengine wao walikuwa na shangazi. Kisha nikawaletea utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, alioutunga mwaka 1913. Hapo delta nzima iliingia darasani. Wagala wanakuja Pate kununua chakula, wanasikia sifa za jitu lile, wanaomba aoe kwao ili wapate mbegu ya nguvu zake. Jina hilo la zamani Waorma wa leo hawalipendi, na nililieleza hivyo. Lakini wavulana wa Kiorma walipojua kwamba Liyongo alikuwa shemeji yao walikaa wima kwenye viti. Wapokomo hawakufurahi sana. Mzee mmoja wa Ngatana alikuwa ameniambia kwamba kwao jina la Liyongo linakuja pamoja na habari za mabwana wa pwani waliodai mpunga wao, kwa hiyo, mwanangu, usitegemee tumlilie.

Kwangu mimi, kilele cha utenzi huo hakipo vitani. Kipo baada ya mwana wa Liyongo kumchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anatoka, anapiga goti karibu na kisima, anatia mshale kwenye uta, na anakufa katika hali hiyo, macho wazi, mshale umeelekezwa kwa watu. Hakuna anayejua kwamba amekufa. Mji mzima unakaa na kiu. Hatimaye wanamwendea mama yake wamwombe ambembeleze mwanawe. Naye anakwenda, siku baada ya siku, anasimama mbele ya maiti na kumsihi kwa maneno laini aondoe hasira, awaache watu wachote maji. Anadhani kanuna. Mpaka mwili unaanguka.

Niliwauliza wanafunzi ni nani mpole katika kisa hicho. Walisema mama. Mmoja akasema watu wa mji, kwa kuwa waliomba badala ya kupigana. Msichana yule aliyesita juu ya mto alinyoosha mkono na kusema: mwalimu, watu wa mji hawakuwa wapole, walikuwa na kiu. Nimelibeba jibu hilo kwa miaka. Upole wa mama na upole wa mji unatumia maneno yaleyale, unasimama mahali palepale, unamtazama mtu yuleyule. Wa kwanza unamtaka mwana. Wa pili unataka maji. Kijumwa hakueleza tofauti hiyo, aliiweka tu kisimani na kutuachia.

Delta ina mfano mwingine wa kubembeleza, ambao kila Mkenya anaujua bila kujua kwamba anaujua. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, waliteuliwa watu watano kutafuta wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Muziki wa bendi za kigeni ungepatikana kwa urahisi. Wao walichagua sauti ya wimbo wa Kipokomo ambao mama huimba kumlaza mtoto. Askari wanaposimama wima Nairobi, wanariadha wanapolia kwenye majukwaa ya Olimpiki, kinachochezwa ni pumzi ya mwanamke wa Tana anayejaribu kumnyamazisha mtoto ili apate kwenda shambani. Watu husimulia jambo hili kama sifa ya Wapokomo, na ni haki yao. Mimi huvutiwa na upande wa kazi. Aliyewahi kumlaza mtoto mwenye homa usiku wa mbu anajua kwamba wimbo huo hautokani na moyo mtulivu. Mama amechoka, mgongo unauma, anaogopa. Sauti yake ni laini kwa makusudi. Anaishikilia.

Wimbo huo wa taifa tuliuimba kila Jumatatu na kila Ijumaa uwanjani, watoto wa Kipokomo na wa Kiorma bega kwa bega. Halafu ikaja 2012.

Sitaeleza nani alianza. Kila upande una tarehe yake ya mwanzo, na wapo wanaorudi hadi mapigano ya 2001, wapo wanaorudi nyuma zaidi. Yaliyoandikwa hadharani yanatosha: alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba zikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Chini yake kulikuwa na mambo ambayo kila mtu delta huyajua: malisho ya kiangazi, malka ambazo ng'ombe hupitia kwenda kunywa, mashamba yaliyozifunga, hatimiliki, ahadi za miradi mikubwa ya miwa na mibono iliyokuwa imetangazwa miaka ya karibuni kwa lugha tamu mno, na uchaguzi uliokuwa njiani. Shule ilipofunguliwa, madawati mengine yalibaki matupu. Wengine walihamishiwa kwa jamaa Malindi na Hola.

Nilichokuwa nacho mimi ni madaftari yao ya insha. Niliyarudia usiku, nikitafuta sijui nini. Nilikuta watoto wenye heshima kupita kiasi. Wanaamkia wazee, wanabeba ndoo za bibi zao, wanagawana muhogo na mgeni. Kila nyumba iliyoelezwa humo, ya upande wowote, ilikuwa nyumba ya watu wapole, na sina sababu ya kuamini kwamba walidanganya. Hapo ndipo nilipoielewa historia ile ya neno la Kiingereza, na ya neno letu pia, kwa namna ambayo kamusi haikunisaidia. Upole unaweza kuwa kamili kabisa ndani ya ukoo na ukakoma mlangoni. Unaweza hata kuwa alama ya mlango wenyewe: sisi waungwana, wale hawana adabu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwenye matatu ya Minjila, kwa Kiswahili safi, bila mtu kupandisha sauti, kutoka pande zote mbili. Wapokomo walisema wafugaji hawana uungwana, wanaingiza mifugo shambani bila hodi. Waorma walisema wakulima hawana uungwana, wanamnyima mnyama maji. Kila mmoja alimpima mwenzake kwa hodi asiyoifahamu.

Na bado zamani mpaka huo ulikuwa na milango mingi. Wazee wanasimulia familia za pande mbili zilizokuwa marafiki kwa vizazi: maziwa yanakwenda kule, mahindi na ndizi zinarudi huku, shamba likishavunwa, ng'ombe wanaingia kula mabua na kuacha samadi. Baraza la wazee wa Kipokomo, Gasa, na la Waorma, Matadeda, yalikuwa na njia ya kukutana ng'ombe akikanyaga mahindi, faini ikalipwa, watu wakala pamoja. Hizo si hadithi za watu waliopendana sana. Walijuana, na walikuwa na mahali pa kugombana.

Baada ya mauaji ilikuja mikutano ya amani. Nilihudhuria kadhaa nikiwa mkalimani wa wageni. Mhubiri mmoja alichagua ahadi ya Yesu mlimani kwamba wapole ndio watakaorithi nchi. Ni andiko zuri, na wamisionari wa Neukirchen waliofika Ngao mwaka 1887 bila shaka walilihubiri kwenye kingo hizo kwa raha. Lakini neno nchi lilipotoka kinywani, ukumbi uliganda. Wazee wa safu ya mbele walitazamana: nchi ipi, na irithiwe na nani? Sheikh aliyesimama baada yake alikuwa mjanja zaidi. Alikumbusha kwamba Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni, mtu dhalimu kuliko wote waliokuwapo, waliagizwa waseme naye kwa upole. Hakusema nani ni Firauni. Kila mtu aliondoka akimfikiria mwenziwe.

Mikutano haikuwa bure, sisemi hivyo. Lakini upole wake ulikuwa wa aina ambayo niliiona pia sokoni Garsen katika miezi iliyofuata, na ambayo ilinitia hofu kuliko matusi. Watu walikuwa na adabu iliyozidi. Wanawake wa Kiorma wanaoleta maziwa kwa madumu walirudi mmojammoja. Wenye hoteli, wengi wao akina mama wa Kipokomo, waliyanunua. Hakuna aliyeuliza bei mara mbili. Hakuna aliyeonja na kusema yametiwa maji. Pesa ziliwekwa mezani, si mkononi. Asante, asante sana, karibu tena. Na mtu akageuka upesi. Salamu za Waorma, ambazo kwa kawaida hupitia watu, mifugo, nyasi na mvua zote zikitafuta amani, zilikuwa zimekatwa zikabaki neno moja. Mgeni kutoka Nairobi angeandika kwamba Garsen ni mji wa watu wastaarabu. Mzee aliyekuwa akiuza magazeti kando yangu aliniambia, mwalimu, hawa hawajapatana, hawa wanaogopana.

Niliendelea kunywa chai katika hoteli ileile kila asubuhi, msimu ukaisha, mvua zikaja, maembe yakaiva na kujaa barabarani. Siku moja mama mwenye maziwa aliingia, akatua dumu lake, na mwenye hoteli akatoa kikombe cha kupimia. Yule mama akakitazama kikombe. Akakichukua, akakipindua, akakiinua juu ili watu wote mle ndani wakione, na akapaza sauti ambayo nadhani ilifika stendi:

"Wewe mama, hiki sicho kikombe cha jana! Cha jana ulikificha wapi? Unanipimia kwa sufuria halafu unaniita dada?"

Mwenye hoteli alifunga leso kiunoni, akatoka nyuma ya jiko na mwiko mkononi, akajibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba kikombe ni kilekile, maziwa ndiyo yaliyobadilika, yamejaa maji ya Tana mpaka mtu anaweza kuvua kambare ndani yake. Wateja wakaingilia, wengine upande huu na wengine ule, bila kujali nani ni wa wapi. Mwenye boda boda aliyekuwa mlangoni alitangaza kwamba yeye atakuwa hakimu kwa malipo ya mandazi mawili. Bei ikapanda shilingi tano, ikashuka tatu, kikombe kingine kikaletwa kutoka duka la jirani, kikapimwa kwa maji mbele ya mashahidi, na ikaonekana kwamba wote wawili walikuwa na haki kidogo. Chai yangu ilipoa na hakuna aliyekumbuka kuniletea nyingine.